Kipupwe hakifungi kiwanja cha tenisi

Ikifika Juni, kuanzia Mbeya hadi Iringa na Njombe, maneno ni yaleyale: "Tenisi tuiache kwanza, baridi ipite." Wavu unakunjwa na kuwekwa stoo, geti linapigwa kufuli, na kiwanja cha umma kinageuka mahali pa kuanikia mahindi. Inaniuma kila mwaka, kwa sababu miezi tunayoifunga ndiyo miezi bora tuliyo nayo. Mvua zetu za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, zikakoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo pepo za kusi huleta hewa baridi lakini kavu, na unaweza kupita wiki nzima bila tone la mvua kukatiza seti. Kinachotukwamisha kipupwe ni mambo machache yanayosemwa bila kupimwa.

"Hata Ulaya hufunga viwanja wakati wa baridi"

Ni kweli, wengi hufunga, hasa vile vya udongo. Lakini hawafungi kwa sababu wachezaji wanatetemeka. Kwao maji yaliyonywea ardhini huganda, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Ardhi inavimba, barafu ikiyeyuka inalegea, na ufa mdogo wa lami unapanuka kila mara hali hiyo inapojirudia.

Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10, lakini ardhi haigandi. Jalidi, yaani umande ulioganda, huonekana Kitulo, Makete na sehemu za juu za Njombe na Mufindi. Hata huko hukaa juu ya nyasi alfajiri, jua likipanda inaondoka. Tumeazima katazo la watu wenye theluji tukalipachika mahali pasipo na theluji.

"Baridi inafanya sakafu iteleze"

Kinachotelezesha ni umande, na umande una tabia zake. Usiku usio na mawingu sakafu hupoteza joto kuelekea angani, inakuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake, na mvuke ulio hewani unageuka maji hapo hapo. Ndiyo maana asubuhi ya anga safi sakafu huwa imelowa, na asubuhi ya mawingu mara nyingi huwa kavu hata kama baridi ni ileile.

Kuuondoa hakuhitaji mashine. Funga gunia au blanketi kuukuu kwenye mti mrefu, livute taratibu kutoka upande wa juu wa kiwanja kwenda upande wa chini, likamue, urudie. Kisha pitisha kiganja juu ya mistari. Mistari iliyopakwa rangi nene inayong'aa ndiyo hukauka mwisho, na ndiyo inayowaangusha watu wanaokimbilia mpira wa pembeni. Kiganja kikitoka na unyevu, subiri. Juni jua la Mbeya huchomoza karibu saa moja asubuhi, na sakafu iliyo wazi kwa jua kwa kawaida huwa tayari kabla ya saa nne.

Sakafu iliyo wazi kwa jua, nimesema, na hapa ndipo pana kosa ambalo wengi hawalijui. Sisi tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri halipiti utosini, linapita upande wa kaskazini, na asubuhi linatokea mashariki likiwa limeelemea kaskazini. Kwa hiyo mti unaokunyima jua la kipupwe ni ule ulioko kaskazini au kaskazini mashariki mwa kiwanja. Miongozo mingi ya ujenzi wa viwanja imeandikwa na watu wa upande wa pili wa dunia, nayo inaonya kuhusu miti ya kusini. Ukiifuata neno kwa neno utakata mti usio na kosa na kuuacha wenye kosa. Misindano na mikaratusi tuliyoipanda kila mahali ina madhara mawili: kivuli chake huacha ukijani wa utelezi usiokauka hadi mchana, na mizizi yake huingia chini ya sakafu na kuipasua.

Jambo la pili ni ubapa. Wengi huamini kiwanja bora ni kile kilicho sawa kama meza. Sakafu ngumu inatakiwa iwe na mwinamo wa karibu asilimia 1, wote ukielekea upande mmoja, ikiwezekana kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. Katika eneo lenye upana wa mita 17 pamoja na nafasi za pembeni, tofauti hiyo ni sentimita 17. Mchezaji haihisi, lakini maji ya mvua na ya umande yanaondoka yenyewe. Fundi akikuahidi ubapa kamili, anakuahidi madimbwi.

"Mipira imekufa, tununue mingine"

Mchezaji anafungua kopo jipya saa moja na nusu asubuhi, anadundisha, mpira unapanda hadi magotini, naye anahitimisha kwamba dukani wamemuuzia feki. Asubiri kidogo. Hewa iliyo ndani ya mpira ikipoa, mgandamizo wake hupungua, na mpira wenyewe unakakamaa. Saa tano mpira uleule utadunda vizuri.

Unaweza kujipimia nyumbani. Toa mipira miwili kwenye kopo moja, mmoja uache nje usiku kucha, mwingine ulale nao chumbani. Alfajiri iachie yote miwili kwa pamoja kutoka kimo cha sentimita 254 juu ya zege. Kimo hicho ndicho kinachotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, na mpira wa kawaida uliokaa kwenye nyuzi 20 unatakiwa urudi juu kati ya sentimita 135 na 147. Ule uliolala nje utarudi chini kuliko mwenzake. Dawa ni nyepesi: mipira ibebwe ndani ya koti na itolewe mnapoanza, na akiba ikae mfukoni mnapocheza.

Upande mwingine wa jambo hili ndio unaochanganya watu. Katika mwinuko wa Mbeya mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa pwani kwa takriban asilimia 18. Hewa nyepesi haiushiki mpira, kwa hiyo unaruka mbali kuliko Dar es Salaam, na mpira uliojazwa kwa ajili ya pwani unadunda kwa nguvu zaidi huku. Kwa sababu hiyo kanuni zina mpira maalumu wa sehemu zilizo juu ya mita 1,219, unaotakiwa kurudi sentimita 122 hadi 135 tu. Mbeya, Iringa na Njombe zote ziko juu ya kiwango hicho. Ukinunulia klabu au shule mipira, uliza aina hiyo. Usipoipata, jua kwamba asubuhi ya kipupwe baridi inakupunguzia sehemu ya hiyo nguvu ya ziada. Kwa anayejifunza, mpira uliotulia kidogo ni rahisi kuupiga kuliko ule wa mchana unaoruka hadi kwenye uzio.

"Kiwanja cha udongo ni cha kimaskini, tumwage zege"

Mashindano ya Roland Garros mjini Paris, moja ya manne makubwa kuliko yote duniani, huchezwa juu ya tabaka jembamba la unga wa matofali lililolazwa juu ya mawe ya chokaa yaliyosagwa. Sisi tuna matanuri ya tofali za kuchoma kila kijiji, na vipande vilivyovunjika hutupwa kujazia mashimo ya barabara. Tuna pia udongo wa kichuguu, ambao umetumika miaka mingi kutengenezea viwanja vya tenisi barani Afrika kwa sababu unashikana na kuwa mgumu ukishindiliwa. Hakuna aibu katika kiwanja cha namna hiyo, na magoti ya wazee huyashukuru mavumbi yake kuliko zege.

Udongo unataka kazi, na kipupwe ndipo wengi hukosea. Huona hakuna mvua, wakadhani hakuna cha kufanya. Ukweli ni kwamba huo ndio wakati udongo unahitaji maji ya mkono. Ukikauka kabisa unatoa vumbi, unalegea juu, unapasuka pembeni mwa mistari, na upepo unabeba ule unga mwembamba ulioulipia. Mwagilia jioni baada ya mchezo, maji yazame usiku, asubuhi unyevu wa juu ukiisha pitisha rola, kisha fagio pana. Ukikanyaga na kiatu kikaacha alama ya kina, bado. Makete na sehemu nyingine za jalidi msimwagilie jioni. Maji yakiganda juu ya udongo huuinua na kuuacha laini, na kazi yote ya rola inapotea. Huko mwagilieni adhuhuri.

"Mtoto atapata kichomi"

Mzazi anayemzuia mwanawe anamzuia kwa upendo, na simlaumu. Lakini kichomi, yaani nimonia, huletwa na bakteria na virusi, nayo huenea pale watu wanapobanana ndani pasipo hewa ya kutosha. Mtoto aliyefungiwa chumbani na jiko la mkaa ili apate joto yuko hatarini kuliko aliyevaa sweta anayekimbia uwanjani. Moshi wa jikoni huongeza uwezekano wa nimonia kwa watoto wadogo, na gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa huua katika chumba kilichofungwa. Likizo ya Juni inaangukia hapo hapo, watoto wana nafasi, na kiwanja kimefungwa.

Mwenye pumu ni habari nyingine. Hewa baridi na kavu inaweza kuamsha shambulio, kwa hiyo aanze mazoezi polepole, afunike pua na mdomo kwa skafu mwanzoni, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni.

"Bila paa na taa hakuna tenisi ya baridi"

Paa la kiwanja cha tenisi linatakiwa liwe na kimo cha mita 9 hivi juu ya wavu. Fedha zake zingekarabati viwanja kadhaa vya wilaya. Taa ni nzuri zikipatikana, lakini kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili jioni kuna saa nane za mwanga ambazo hazijatumika. Kinachosumbua zaidi Iringa na Makambako ni upepo, na hapo usijenge ukuta mzito, kwa maana upepo huruka juu yake na kuanguka uwanjani kwa vurugu. Neti ya kivuli inayotumika kwenye vitalu vya miche ya parachichi, ikifungwa kwenye uzio, hupitisha sehemu ya upepo na kuutuliza.

"Ukarabati tutafanya mvua zikikaribia"

Oktoba ni kuchelewa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na ofisa michezo aliyeandaa makisio yake mapema anaweza kuingia kazini katika miezi mikavu. Ufa huonekana vizuri asubuhi ya baridi kwa sababu zege limesinyaa. Sakafu ya mita 35 ikipata joto kwa nyuzi 15 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka karibu milimita 5. Ndiyo maana ufa uliozibwa kwa saruji tupu hupasuka tena. Tumia kijazio kinachonyumbulika, na acha maungio, yaani nafasi kati ya vipande vya zege, pale yalipokusudiwa.

Rangi ya akriliki ya viwanja haitaki nyuzi chini ya 10 wala sakafu yenye umande, kwa hiyo pakeni kati ya saa nne na saa nane, ikauke kabla ubaridi wa jioni haujaingia. Zege jipya lifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku zisizopungua 7. Baridi hulichelewesha kukomaa na upepo mkavu wa kusi hulinyang'anya maji, hivyo fundi anayesema "hakuna jua, halihitaji kumwagiliwa" arudishwe kumwagilia kabla hajalipwa.