Kwa Nini Mwanachuo Hukwama Kwenye Jiometri

Mchoree mwanachuo wa mwaka wa kwanza mraba uliosimama kwa kona, kisha muulize ni umbo gani. Wapo watakaosema huo si mraba tena. Waulize kama mraba ni mstatili. Wengi watakataa, ilhali sifa za mstatili wamezikariri tangu utotoni: pande mkabala zilizo sawa na pembe nne za nyuzi 90. Mraba unazo zote. Sisi tunaofundisha hisabati vyuoni hukutana na majibu haya kila mwaka, na tunawaonea wanafunzi tunapoyaita uvivu.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alifundisha kwamba uwezo wa kufikiri mambo dhahania huanza kujengeka mtoto afikapo miaka 11 au 12. Kwa hesabu hiyo, kijana wa miaka 20 angekuwa ameshavuka zamani. Lakini mwaka 1972 Piaget mwenyewe alilegeza kauli: huenda hatua hiyo ikafikiwa kati ya miaka 15 na 20, tena katika fani ambayo mtu ameizoea. Anayechambua hoja za sheria bila taabu anaweza kushindwa kufuata uthibitisho mfupi wa pembetatu.

Waliolitazama jambo hili kwa karibu zaidi ni walimu wawili wa Uholanzi, mke na mume, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, katika tasnifu zao za Chuo Kikuu cha Utrecht za mwaka 1957. Walieleza ngazi tano. Wa ngazi ya kwanza hulitambua umbo kwa sura yake tu, kama tunavyoutambua uso wa jirani. Wa pili huzitaja sifa, lakini kila moja imekaa peke yake. Wa tatu huziunganisha, akaona kwamba sifa fulani huzaa nyingine. Hapo ndipo mraba unapokubalika kuwa mstatili. Wa nne hujenga uthibitisho. Ya tano, ya kulinganisha mifumo mizima ya jiometri, ni ya wachache.

Hoja yao nzito ni kwamba umri peke yake haumpandishi mtu ngazi. Humpandisha mafundisho, wala haruki hata moja. Tena kila ngazi ina lugha yake. Mhadhiri akisema "thibitisha" huku mwanafunzi akiwa ngazi ya pili, mwanafunzi husikia "onyesha kwamba ni kweli", akachukua rula na kipimapembe. Utafiti ulioongozwa na Zalman Usiskin katika Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa mwaka 1982, ulionyesha kwamba ngazi ya mwanafunzi wa sekondari anapoanza somo hutabiri vizuri atakavyofaulu.

Chukua jumla ya pembe za pembetatu. Mwanafunzi hupima pembetatu kumi, akapata takriban 180 kila mara, akaridhika. Hajakosea kuona, ila hajathibitisha, kwa sababu pembetatu hazina idadi na kipimo hakikosi hitilafu. Sasa achore mstari unaopita kwenye kona ya juu, sambamba na kitako. Pembe mbili za chini zinajirudia pale juu, moja kila upande wa pembe ya tatu, na zote tatu zinaujaza mstari ulionyooka. Ni 180 kwa pembetatu yoyote, bila kupima hata moja. Nimeona nyuso zikibadilika darasani kwa mchoro huu mmoja, lakini kwa wale tu walioachwa kwanza wapime, wakunje karatasi na kubishana kwa maneno yao wenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza tuwapime wanafunzi kabla ya mhadhara wa kwanza, hasa wale watakaokuwa walimu. Swali moja hufichua mengi: eleza mraba kwa masharti machache iwezekanavyo. Wa ngazi ya pili ataorodhesha kila anachokijua. Mwingine ataandika: pande nne zilizo sawa na pembe moja ya nyuzi 90. Akiulizwa kwa nini hakuzitaja pembe tatu zilizobaki, akajibu kwamba pande nne zilizo sawa hulifanya umbo kuwa msambamba, yaani lenye pande mkabala zilizo sambamba, na katika msambamba pembe jirani hujumlisha 180, basi huyo yuko tayari kwa uthibitisho.