Mbatata haivuti chumvi peke yake

Katika majiko mengi ya Unguja na Pemba, kiporo cha mchuzi wa papa kilichozidi chumvi hutiwa mbatata mbichi, kwa imani kwamba itaivuta chumvi yote na kuuacha mchuzi umetengemaa. Mbatata haichagui: hunywa maji ya mchuzi pamoja na chumvi iliyomo, hivyo ukiitoa, mchuzi umepungua wingi bila ukali wake kubadilika kwa kiasi cha kuhisika. Nafuu wanayoiona watu aghalabu hutokana na maji waliyoongeza ili mbatata iive.

Kinachosaidia ni kuuzimua. Lita 1 ya mchuzi yenye gramu 20 za chumvi, ikiongezwa nusu lita ya tui jepesi lisilotiwa chumvi, hubaki na takriban gramu 13 kwa kila lita. Ndimu na ukwaju huudanganya ulimi tu, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu hapaswi kulisahau. Kiporo kinachopashwa moto kila mara bila kuongezwa maji huzidi ukali, kwani maji hutoka na mvuke, chumvi ikabaki chunguni.