Usipige simu ukajifanya wewe ndiye mama

Ushauri huu naukuta kila mahali: msikitini baada ya swala, saluni, kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama, hata kwa watu waliosoma vizuri. Mtu ana wasiwasi uliopitiliza, akiona namba asiyoijua mikono inatetemeka, na anataka kuomba PIP (Personal Independence Payment), posho ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Jibu analopewa ni lilelile: "Mwambie binti yako apige, ajifanye ni wewe. Tarehe yako ya kuzaliwa anayo, namba yako ya NI (National Insurance) anayo, watajuaje?" Wiki hii ushauri huo umefika tena mezani kwangu, ukiwa umeshatekelezwa, na safari hii nimeona niandike.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kudai posho za serikali hapa England. Wengi wanaokuja kwangu huzungumza Kiswahili: wa Mombasa na Lamu, Wazanzibari, watu wa Barawa, Wakongo wa Bukavu na Uvira. Naelewa kwa nini binti anakubali kujifanya. Anamwona mama yake hali, halali, na simu ni moja tu, dakika chache na yamekwisha. Hayajaisha. Ndiyo kwanza yanaanza.

Upande wa sheria sitakaa sana. Kujitambulisha kwa idara ya serikali kwa jina la mtu mwingine ni udanganyifu, hata kama mwenye jina amekaa sebuleni na ameridhia. Ninalotaka mlielewe ni faili. Simu zinarekodiwa na maelezo yanaandikwa. PIP nayo haitolewi kwa sababu ya jina la ugonjwa. Inatolewa kwa kuangalia mtu anaweza nini na hawezi nini. Sasa soma faili la mama huyu kwa macho ya mtu asiyemjua. Fomu inasema hawezi kuzungumza na mgeni bila kukosa pumzi. Rekodi inasema mama huyohuyo alipiga mwenyewe, akajibu maswali yote kwa Kiingereza safi, akauliza barua itafika lini, akaaga. Aliyekuwa kwenye simu ni msichana wa chuo kikuu, lakini faili haliwezi kujua hilo. Familia inabaki na njia mbili, na zote ni mbaya: kukiri kwamba mtu alijifanya, au kunyamaza na kumwacha mama aonekane mwongo mbele ya watu wanaopima maneno yake.

Na haya yote ya nini, wakati njia halali ipo na ni rahisi kuliko hiyo ya uongo? Binti anaruhusiwa kupiga simu. Anaruhusiwa kuongea. Sharti ni kwamba mama awe naye pale, na binti aseme yeye ni nani. Weka simu kwenye spika. Sema: "Naitwa fulani, namsaidia mama yangu kuomba PIP, yuko hapa kando yangu, ana tatizo la wasiwasi na hawezi kuzungumza kwenye simu." Afisa huenda akataka kumsikia mama mwenyewe akitaja jina lake, tarehe ya kuzaliwa, na kusema anakubali binti yake aongee. Sekunde kumi na tano za shida. Kama mama atalia, alie. Kama atanyamaza na binti akalazimika kumwambia "sema jina lako tu, mama, niko hapa", hilo nalo limerekodiwa, na ni kweli tupu.

Kuna asiyeweza hata hizo sekunde kumi na tano. Huyo aandike barua. Fomu ya kuanzia maombi, inayoitwa PIP1, inaweza kuombwa kwa posta: Personal Independence Payment New Claims, Post Handling Site B, Wolverhampton, WV99 1AH. Barua ni fupi tu: jina, anwani, naomba fomu ya PIP1, siwezi kutumia simu kwa sababu ya hali yangu ya afya ya akili. Weka saini, tarehe, piga picha, na uombe uthibitisho wa posta. Njia hii ni ya polepole, sitawaficha, na PIP hailipwi kwa siku za nyuma kabla ya maombi. Ila kanuni za madai za mwaka 2013 zinaruhusu tarehe ya maombi ihesabiwe tangu siku mtu alipoarifu kwamba anataka kuomba, ikiwa fomu iliyojazwa sawasawa itapokelewa ndani ya mwezi mmoja. Ndiyo maana nasisitiza picha na uthibitisho. Baadhi ya maeneo yana maombi ya mtandaoni; jaribuni kwanza. Walioko Scotland wana posho yao, Adult Disability Payment, ambayo inaombwa mtandaoni bila kumpigia mtu yeyote. Na mzee aliyekwisha kufikia umri wa pensheni haombi PIP kabisa. Anaomba Attendance Allowance, na fomu yake inapatikana mtandaoni ya kuchapisha.

Kabla ya yote hayo angalieni viza. PIP ni fedha za umma. Mwenye viza inayomkataza fedha za umma asiguse fomu kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji. Kuna pia sharti la kuwa umekaa nchini wiki 104 kati ya 156 zilizopita, ambalo wakimbizi waliokubaliwa hawabanwi nalo.

Sasa jambo linalonikera karibu sawa na lile la kujifanya. Watu wakisikia "huwezi kupiga simu", wanakimbilia kumfanya mtoto au mume kuwa appointee. Appointee ni mtu anayewekwa na Idara ya Kazi na Pensheni, DWP, kusimamia madai ya mtu asiyeweza kusimamia mambo yake mwenyewe. Pesa zinaingia kwake. Barua zinakwenda kwake. Wajibu wa kutoa taarifa za kweli ni wake, na zikilipwa kimakosa anaweza kuulizwa yeye. Mwanamke mwenye akili timamu, anayejua bei ya kila kitu dukani, anayesimamia nyumba nzima, lakini anayeganda simu ikiita, hahitaji kunyang'anywa madai yake namna hiyo. Nimeona ndoa ambazo posho ya mke imeishia kwenye mfuko wa mume kwa mtindo huu, na mke hajui hata analipwa kiasi gani. Mtu wa kukaa kando yako kwenye simu ni mmoja. Mwakilishi uliyemwandikia barua ya idhini ili azungumze na ofisi kuhusu faili lako ni wa pili. Appointee ni wa tatu, na yuko mbali sana na hao wawili. Asiyeweza kupiga simu karibu kila mara anamtaka wa kwanza au wa pili. Akikwambia mtu kwamba "lazima uwe appointee ndiyo wakusikilize", mwambie hapana, naomba marekebisho yanayofaa chini ya Sheria ya Usawa ya 2010. Chini ya sheria hiyo, ofisi inayotoa huduma ina wajibu wa kurekebisha njia zake kwa mtu mwenye ulemavu: wamwandikie barua au baruapepe badala ya kumpigia, au watumie ujumbe kwanza kumweleza watapiga saa ngapi. Omba kwa maandishi na useme wazi unataka nini. "Nisaidieni" haitoshi.

Katika hatua ya kwanza kabisa, sema pia kwamba una tatizo la afya ya akili na unahitaji msaada kushughulikia fomu na barua. Usilione ni neno dogo. Mtu aliyewekewa alama ya kuhitaji msaada wa ziada, akishindwa kurudisha fomu kubwa ya PIP2 kwa wakati, maombi yake hayatupwi moja kwa moja kama ya wengine. Yanapelekwa kwenye tathmini. Binti aliyejifanya mama na kuongea kwa ufasaha hakuomba alama hiyo. Angeombaje?

PIP2 hurudishwa ndani ya mwezi mmoja, na unaweza kuomba muda zaidi. Humu ndimo watu wanapopoteza pointi walizostahili. Wanajaza kurasa kwa habari za simu: siwezi kupiga simu kwa daktari, siwezi kupiga simu benki, siwezi kupokea simu ya shule. Yote kweli, na hakuna kipengele hata kimoja kati ya vile 12 vya kupima uwezo wa mtu kinachotoa pointi kwa kushindwa kutumia simu. Kipengele cha 7 kinahusu kuzungumza na kuelewa maneno. Wengi wanauweka wasiwasi hapo na wanapata sifuri. Kipengele cha 9 ndicho cha kushirikiana na watu, lakini ni watu wa ana kwa ana. Kwa hiyo uliza: huyu asiyeweza simu, mlango ukigongwa anafanya nini? Mkutano wa wazazi shuleni huenda nani? Akienda, anakaa wapi, anasema nini, na baada ya kurudi hali yake inakuwaje hadi kesho yake? Mteja mmoja aliniambia hana shida na watu, "naenda dukani kila siku". Nilipomwuliza zaidi ikaonekana anakwenda saa moja asubuhi kabla watu hawajajaa, anatumia mashine ya kujilipia, na siku mashine ikiharibika anaacha kikapu chini na kuondoka. Habari hiyo isingetokea kamwe kwa kujibu "ndiyo" au "hapana".

Halafu kuna neno "naenda na dada yangu". Msiliache hivyo. Kuhimizwa tu na mtu kunatoa pointi 2. Kuhitaji msaada wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa kumsaidia mtu kukaa na wenzake kunatoa 4. Mahakama ya Juu, katika kesi ya MM mwaka 2019, ilikubali kwamba mtu huyo anaweza kuwa ndugu au rafiki anayekufahamu, na kwamba kuhimiza kwake kunaweza kuhesabika kuwa msaada wa aina hiyo. Lakini lazima uonyeshe kwa nini ni yeye. Dada anajua ukianza kukwaruza kiganja ujue dakika tano zijazo utashindwa kupumua, anakutoa nje kabla. Jirani hajui. Andika hilo. Pointi 8 katika vipengele vya maisha ya kila siku ndizo zinazofungua malipo, ambayo kwa viwango vya 2025/26 yalikuwa pauni 73.90 kwa wiki. Kutoka 2 hadi 4 ni robo ya safari.

Kutoka nyumbani na kusafiri ni kipengele cha 11. Machi 2017 serikali ilibadilisha kanuni ili wanaoshindwa kusafiri kwa sababu ya dhiki ya akili wasipate pointi za juu. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika kesi ya RF, ilifuta mabadiliko hayo kwa kuwa ni ya kibaguzi. Bado nakutana na watu wanaoambiwa kwamba usafiri ni wa wenye miguu mibovu tu. Si kweli.

Tathmini nyingi sasa hufanywa kwa simu, na hapo tunarudi palepale. Omba mapema, kwa maandishi, iwe ana kwa ana au kwa video, ukieleza sababu, na barua ya daktari wako wa kawaida (GP) ikiwapo iambatanishe. Uwe na mtu wako. Mkalimani ni haki yako, ingawa nakiri kwamba kwa mwenye wasiwasi mkalimani ni mgeni wa pili chumbani, na katika miji yenye Waswahili wachache huenda akawa mtu unayemwona harusini. Anabanwa na kanuni za kutunza siri. Hata hivyo nimewaona watu wakinyamaza mbele yake mambo waliyoniambia mimi bila taabu, na sijapata dawa ya hilo zaidi ya kuomba mkalimani wa mji mwingine.

Lipo na hili linaloninyima raha. Kila simu ninayompigia mteja inamwondolea mzigo wa siku hiyo, na pengine inamzoesha kwamba simu ni kitu cha kukimbiwa. Wanaotibu wasiwasi husema kuepuka kunaulisha. Mimi nina tarehe ya mwisho mezani, wao wana miezi. Nachagua tarehe. Lakini sidhani chaguo hilo halina gharama, na mteja akisema leo anataka kutaja jina lake mwenyewe, namwachia simu hata tukichelewa nusu saa.

Ukikataliwa, mapitio ya lazima, yaani DWP kuuangalia upya uamuzi wake, huombwa ndani ya mwezi mmoja, na huombwa kwa fomu CRMR1 au barua. Huhitaji kumpigia mtu. Rufaa baada ya hapo ni ya maandishi vilevile, kwa fomu SSCS1 au mtandaoni. Humo utaulizwa kama unataka kusikilizwa au kesi iamuliwe kwa makaratasi tu. Wenye wasiwasi wote huchagua makaratasi. Mimi huwaomba wafikiri tena, kwa sababu jaji, daktari na mjumbe mwenye ujuzi wa ulemavu wakikuona umekaa pale na dada yako amekushika mkono, wanajifunza jambo ambalo kurasa arobaini haziwezi kuwaeleza. Kwenye fomu hiyohiyo andika nani atakuja nawe, kwamba unahitaji mapumziko katikati, na kwamba mkalimani awe wa Kiswahili cha kwenu: cha pwani au cha Kongo, taja.