Kwa nini mfupa wa kuruta hupasuka bila kuanguka wala kugongwa?

Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prusia (dola ya zamani ya Kijerumani), Breithaupt, aliandika habari za askari waliovimba miguu baada ya matembezi marefu, ilhali hawakuwa wameanguka. Chanzo kilijulikana baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895: mifupa myembamba ya wayo ilikuwa na nyufa. Siku hizi muundi ndio unaoongoza kwa kupasuka hivyo.

Mfupa ni kitu hai. Zipo seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na zipo zinazojenga upya. Kubomoa huchukua wiki chache tu, kujenga mpaka mfupa ukomae huchukua miezi. Sasa mchukue kijana aliyetoka kukaa darasani, umtie kwenye mchakamchaka alfajiri, kwata mchana, mzigo mgongoni na buti miguuni. Mwili wake unaanza kubomoa ili ujenge kilicho imara zaidi, lakini mazoezi hayausubiri. Ndiyo maana wiki za mwanzo mfupa huwa dhaifu kuliko siku aliporipoti kambini, na ufa mdogo ambao ungezibika wenyewe unazidi kurefuka.

Wanawake huumia zaidi. Mifupa yao kwa kawaida ni myembamba, na anayekula pungufu ya nguvu anazotumia hata hedhi hukatika, mfupa nao ukakosa kinga. Hata hatua ina madhara: mwanamke mfupi akilazimishwa kufuata hatua ndefu za wanaume, anaweza kupata ufa kwenye fupanyonga. Utafiti wa makuruta wanawake wa jeshi la majini la Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, uliona nyufa zikipungua kwa karibu asilimia 20 kwa waliopewa kalsiamu na vitamini D.

Linalonisikitisha ni kuruta kuitwa mvivu. Maumivu huanza anapokimbia na kutulia akipumzika; baadaye hata kutembea kunauma, na ukimbonyeza kwa kidole palepale anashtuka. Eksirei ya wiki 2 za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi si ushahidi kwamba anadanganya. Muundi ukipumzishwa wiki kadhaa kwa kawaida hupona. Akilalamika maumivu ya kinena, asiendelee kukimbia hata siku moja kabla ya kupimwa, maana huenda ufa uko kwenye shingo ya mfupa wa paja, nayo ikikatika kabisa atahitaji upasuaji.