Vidude vyeupe mgongoni mwa kiwavi si mayai

Dhana: Vile vidude vyeupe kama punje za mchele kwenye mwili wa kiwavi ni mayai yake.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana mkulima akiviona huviponda upesi visije vikaanguliwa. Kiwavi hatagi. Anayetaga ni nondo au kipepeo, tena hutaga kwenye majani. Vile ni vifuko vya hariri vya nyigu wadogo wa jenasi ya Cotesia. Nyigu jike humchoma kiwavi na kuacha mayai ndani yake. Mabuu wakianguliwa humla humo humo, na wakikomaa hutoboa ngozi, hutoka na kujisokotea vifuko. Kiwavi anaweza kubaki hai siku kadhaa baadaye, lakini nondo hatakuwa. Mwache alipo. Ukiona kifuko kina kifuniko kidogo kilichofunguka nchani, jua nyigu ameshatoka.

Dhana: Nyigu wakizidi bustanini watatuuma.

Wengi wao hawafiki hata sentimita moja, hawana kiota cha kulinda, na sindano yao ni ya kutagia.

Dhana: Piga dawa kali, viwavi wataisha.

Nondo mgongo-almasi, ambaye viwavi wake hutoboa kabichi na sukuma wiki, alionyesha usugu dhidi ya dawa ya wadudu ya DDT huko Java, Indonesia, mwaka 1953, na tangu hapo amezoea dawa nyingi. Dawa inayoua kila kitu humaliza nyigu na kumwacha yeye. Ndiyo maana mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi kiliachia katika vilima vya Taita nyigu Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, na uharibifu wa kabichi ukapungua sana. Nyigu huyu hupenda baridi ya milimani. Kwenye joto la mabondeni, Cotesia vestalis humfaa mkulima zaidi.

Geuza jani la kabichi uangalie. Bundo la nondo, yaani kiwavi anapojigeuza kuwa nondo, limechongoka na linaonekana ndani ya wavu mwembamba. Kifuko cha Diadegma ni kinene, cha kahawia, butu pande zote mbili. Hicho usikiguse.

Dhana: Nyigu wa kuletwa atageukia nyuki.

Diadegma huyu huwinda viwavi wa nondo mgongo-almasi, basi.

Viwavi wakizidi hata hivyo, tumia dawa ya bakteria iitwayo Bt. Huua kiwavi anayekula jani lililopuliziwa, na nyigu mzima haimdhuru. Pulizia jioni, kwa kuwa jua huiharibu haraka.