Je, Kila Kisa cha Biblia ni Historia?

Hapa Mwanza swali hili huzuka katika jumuiya ndogondogo na katika madarasa ya kipaimara, na mara nyingi hujibiwa kwa hofu kabla Maandiko yenyewe hayajafunguliwa.

Dhana: Wakristo wa kale walisoma kila kisa kama historia, na usomaji mwingine ni uzushi wa wasomi wa Ulaya wa leo.

Mjadala huu una mizizi Afrika. Katika karne ya 3, Origene, mwalimu wa Kikristo wa Aleksandria huko Misri, aliuliza siku tatu za kwanza zilipataje asubuhi na jioni, ilhali jua liliumbwa siku ya nne. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alifundisha kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja, akawaonya waumini wasiyaaibishe Maandiko kwa kutetea habari za nyota ambazo hata asiyeamini anajua si sahihi. Ile hesabu mashuhuri ya kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 KK ilitolewa na James Ussher, askofu mkuu wa Ireland, mwaka 1650 tu.

Dhana: Kisa kisichotukia ni uongo.

Msukuma aliyelelewa na simulizi ya Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu tumboni mwake wakiwa hai, hawezi kudai kwamba simulizi hiyo haina ukweli wowote. Biblia nayo inajua kazi hiyo ya simulizi. Nabii Nathani alimweleza Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee, aliyekula chakula cha bwana wake na kulala kifuani pake. Daudi akawaka hasira, akatamka kwamba mtu huyo anastahili kufa, ndipo akaambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Kondoo yule hakuwahi kuwepo; Uria, ambaye Daudi alimchukulia mkewe na kupanga auawe vitani, alikuwepo. Naamini hakuna taarifa ya kawaida ambayo ingemfikisha mfalme pale.

Dhana: Ukikubali kwamba Mwanzo 1 si taarifa ya matukio, umeitupa historia yote.

Kila kitabu kina namna yake. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema Hezekia alimlipa Senakeribu talanta 30 za dhahabu, na kumbukumbu za mfalme huyo wa Ashuru kuhusu vita vya mwaka 701 KK zinataja talanta hizohizo 30, ingawa idadi za fedha zinatofautiana. Luka anaanza Injili yake kwa kusema amechunguza habari za walioshuhudia. Paulo, ambaye katika Wagalatia anawasoma Sara na Hajiri kama mfano wa maagano mawili, katika 1 Wakorintho 15 anaorodhesha waliomwona Kristo mfufuka na kusema wengi wao bado wako hai. Anayekifanya kifungu hicho kuwa fumbo tu anakwenda kinyume na Paulo mwenyewe.