Bata Hana Haja na Jua Kali

Ijumaa jioni nilikuwa naosha vyombo simu ikalia. Ujumbe: "Mwalimu, naona kumefunga wiki yote. Tuahirishe somo la picha mpaka jua litoke?" Huyu ni wa tano tangu Juni ianze. Wote wananiita mwalimu, wote wanalipa kwa wakati, na wote wameshika kwamba picha ya ndege wa majini inataka jua. Basi naandika hapa mara moja, wa sita nimtumie linki tu.

Jua la saa tano asubuhi linamfanya nini bata? Linampiga kutoka juu. Mgongo unang'aa, tumbo linaingia giza, kivuli cha kichwa kinadondoka shingoni kama doa la wino, na jicho linazama. Jicho likizama huna picha, una ushahidi tu kwamba bata alikuwepo. Maji nayo yanarusha vimeta hadi kipima mwanga cha kamera kinababaika. Na ukiwa na lensi ya milimita 500 utakutana na jambo ambalo duka la kamera halikukuambia: hewa ya moto juu ya maji huchezacheza. Utalaumu fokasi, utalaumu mikono, utairudisha lensi kwa fundi. Lensi haina kosa.

"Lakini si kuna ile saa ya dhahabu, jua likiwa bado chini?" Ipo, ila mmejifunza habari zake kwa watu wa London. Kule mwezi wa Desemba jua la adhuhuri linafika kama digrii 15 tu juu ya upeo. Mtu anaamka, anakunywa chai, anatembeza mbwa, na bado anaukuta mwanga wa chini. Sisi wa Nairobi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Hapa jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, kisha linapanda karibu wima, kama digrii 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, saa mbili na nusu liko digrii 30. Toa dakika ambazo bado limejificha nyuma ya mikaratusi, toa foleni ya Thika Road, na wewe ulipanga kufika saa nne.

Sasa wingu. Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi hujifunika, mara nyingine hadi saa saba mchana, na watu wa kamera hulala. Mpiga picha wa harusi hununua kitambaa cheupe cha kulainisha taa yake. Sisi tumetandikiwa kimoja juu ya jiji zima, bure. Chini ya wingu bata bukini anaonekana manyoya moja moja, na lile doa la kahawia kuzunguka jicho linabaki doa, haligeuki shimo. Bei yake ni ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde na tundu la lensi la f/6.3 nitakuwa 1600, mara nyingine 3200, na najua mnaiogopa hiyo namba. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa huondolewa kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa.

Ila wingu peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi huniudhi zaidi. Wanakuja siku ya mawingu, wanasimama wima ukingoni, wanapiga, wanarudi nyumbani na bata anayeelea kwenye uji. "Unaona? Nilikwambia." Maji ya bwawa hayana rangi yake yenyewe, au yanayo kidogo tu, ile ya tope. Rangi unayoiona nyuma ya bata ni ya kitu kingine ambacho maji yanakiakisi mahali hapo, kutoka pale jicho lako lilipo. Ukisimama, unayatazama maji kwa mteremko, nayo yanakurudishia anga la juu, jeupe tupu. Ukilala chini, lensi ikiwa shibiri moja juu ya maji, yanakurudishia kilicho ng'ambo: matete, miti, ukingo mwekundu wa udongo, hata koti la mtu anayepita. Bata ni yuleyule na wingu ni lilelile, lakini maji yamegeuka kijani kizito.

Kwa hiyo nikifika bwawani sitafuti ndege kwanza. Natafuta ng'ambo yenye giza. Kisha nalaza gunia langu, nalala, na kusubiri ndege aingie kwenye ile rangi. Jumanne iliyopita kukuziwa mmoja alikuwa akiogelea kwenye weupe, naye ni mweusi, na ngao yake ya usoni nyeupe ilikuwa ikipotea kabisa. Nilisogea kushoto hatua tatu, kwa tumbo, kama mamba mwenye mgongo mbovu. Sura ya mti wa ng'ambo ikaanguka ndani ya maji nyuma yake. Ghafla ngao ikatokea, vile vifundo viwili vyekundu utosini vikatokea, na jicho jekundu likawaka. Hatua tatu tu! Nikapiga fremu kumi na moja, halafu nikasikia sauti ya askari wa bustani: "Mkubwa, uko sawa?" Alidhani nimezirai. Zoeeni hilo. Mtu mzima aliyelala kifudifudi kwenye gunia alfajiri lazima aulizwe.

Huyohuyo kukuziwa ni mtego. Kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivu. Ikimwona mweusi inaongeza mwanga, na ngao inaungua, inabaki weupe mtupu. Ikimwona yangeyange mweupe inapunguza, naye anatoka kama aliyefuliwa na sabuni mbaya. Mweusi punguza, mweupe ongeza, lakini angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, usiunguze. Nimewahi kumfuata yangeyange mmoja asubuhi nzima juani, nikafika nyumbani na picha mia nne za karatasi iliyokatwa umbo la ndege. Hakukuwa na unyoya hata mmoja.

Kichujio cha polaraiza ambacho kila mtu huniulizia: hufuta mng'ao vizuri zaidi ukiyatazama maji kwa pembe ya kama digrii 37 kutoka usawa wake. Ukiwa umelala uko digrii mbili tatu. Kitakula stopu moja na nusu, yaani zaidi ya nusu ya mwanga, ambao tayari huna, na kama kitafuta chochote, kitafuta kijani ulichokitambalia. Kiache kwenye mkoba. Mkate wa kuwavutia bata nao uache nyumbani kabisa.

Sasa niseme lile ambalo nikiwa na wanafunzi hulipitia haraka. Bata domo-njano ana kibandiko cha kijani kinachong'aa bawani. Kijani kile hakitokani na rangi ya unyoya. Kinatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa unavyoucheza mwanga, na kinapendeza mwanga unapotoka upande mmoja. Chini ya wingu kinakufa. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote ya bata domo-njano, amejinyoosha bawa, kijani kinawaka, niliipiga kwenye jua tupu, dakika kama ishirini baada ya kuchomoza. Iko ukutani sebuleni. Wageni huisifu, mimi hubadilisha mazungumzo.

Na kuna siku za kijivu ambazo naongeza kontrasti kwenye kompyuta hadi naona haya. Kulala chini nako sina hakika kama ni dawa ya kila ndege. Kibisi anazama, anaibukia kwingine, nami chini pale sioni mduara wa maji unaonionyesha alipo. Fokasi inashika jani la mbele na kibisi anazama tena. Kwa kibisi nimeanza kupiga magoti. Kwa mnandi aliyetua mtini na kutandaza mabawa ayakaushe, simama tu.

Nilimjibu yule kijana: "Njoo. Karura, saa kumi na mbili na nusu getini. Lete gunia."

Akakaa kimya robo saa. Kisha: "Na kukinyesha, mwalimu?"

Zamani kamera tuliifunika kwa mfuko wa plastiki, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku 2017. Nikamwambia alete ile kofia ya kuogea ya dada yake.